Matairi Manne

Gereji ya Reijo iko nyuma ya kituo cha mafuta,
hapa Thunder Bay, mtaa ambao Oktoba ikiingia
unaanza kunuka kuni na chuma baridi.
Nilimwendea na bahasha na kiburi.
Kiburi kilikuwa kinene kuliko bahasha.

Nikamwambia: nimeendesha lori la katani
Korogwe mpaka bandarini, miaka kumi na mmoja.
Tope la masika nalijua kwa harufu.
Tairi kipara nimeliteremsha kona zote za Lushoto
kwa dua moja na nusu.
Nipe mawili ya mbele, basi.

Hakubisha. Alitoa senti ishirini na tano,
ile yenye mnyama wa pembe za matawi,
akaichomeka kwenye kashata za tairi langu.
(Kashata, ndivyo tuitavyo sisi,
kama zile za nazi, na zangu zilikuwa zimelambwa.)
Mnyama hakuzama hata kidevu.
Alisimama pale akinitazama
kama mtu anayenidai.

Kisha akaniletea vipande viwili vya mpira
vilivyolala nje usiku kucha.
"Minya."
Kimoja kigumu, soli ya kiatu cha askari.
Kingine kikabonyea chini ya kidole gumba
kama sikio la mtoto.
"Digrii saba," akasema. "Chini ya hapo
lako linageuka ubao, halishiki kitu.
Lilizaliwa na joto, bado linalingoja."
Nikatazama pembeni. Na mimi pia
sikuwa nimevua kandambili moyoni.

"Kwa nini manne?"
Akaisukuma spana mezani kwa nguvu, kichwa mbele.
Kichwa kikakwama kwenye ufa,
mkia ukazunguka, ukapiga kikombe.
Hakuifuta kahawa. Aliiacha itembee
mpaka ukingoni, idondoke,
ndipo akanitazama.

Manne mapya yalikuwa bei ya mabati
ya jiko la mama mkwe, kule Mombo.
Nikahesabu noti, nikazihesabu tena
kana kwamba zingezaana nikipepesa macho.
Reijo akanipeleka stoo: manne ya mkono wa pili,
ndugu wa tumbo moja, yametumika msimu mmoja na nusu.
Akanionyesha tarakimu ubavuni, wiki na mwaka,
umri wa tairi, lisije likanidanganya.
Na alama: mlima wa vilele vitatu,
ndani yake chembe moja ya theluji.
Nimekulia chini ya Usambara, milima nimeizoea.
Huu ndio wa kwanza kuusoma kwa kidole.

Nikalipa. Mabati yakabaki nusu.
Usiku nilimpigia mama mkwe,
tukaongea kuku, magoti, bei ya mafuta ya taa,
kila kitu isipokuwa mabati.
Mwishoni akasema, "Mvua bado, baba."
Alikuwa anajua.

Novemba, saa mbili kasoro asubuhi.
Mwajabu katoka zamu ya usiku hospitalini,
kalala kiti cha pembeni, kofia imemshuka puani.
Barabara nyeupe, nyeupe ile inayong'aa vibaya.
Mtoto wa shule akaruka kutoka ukingoni
akiikimbiza glavu iliyopeperushwa.

Nikakanyaga.
Gari halikusimama papo hapo, lilinung'unika kwanza,
nikasikia theluji ikitafunwa, manne yote kwa pamoja,
mkia ukitaka kuzunguka na kukatazwa.
Likasimama.

Mtoto aliokota glavu, akaikung'uta pajani,
akaenda zake bila kugeuka.
Mwajabu aligeuzia shingo upande wa dirisha.
Sikumwamsha.
Nyuma yangu mtu akapiga honi, mara moja, kwa adabu.
Nikatia gia ya pili,
nikaondoka taratibu.